Rimoti haisikiki chini ya ghorofa: tafuta ethi kabla ya kununua chochote

*Shikamoo fundi. Niko Ohio, kazi yangu ni kumhudumia mzee mmoja nyumbani kwake. Chini ya nyumba ana chumba kizima cha treni za mfano, zile kubwa za Lionel zenye reli tatu. Meza ni ya futi 32 kwa 18 na ina ghorofa mbili. Juu hakuna shida. Chini, treni ikipita tu chini ya reli za juu au ikiingia ndani ya mlima, taa yake inaanza kupepesa na rimoti haisikiki tena. Inatokea upande wa pili na mwendo uleule, mara nyingine inapitiliza stesheni mpaka inagonga mabehewa yaliyoegeshwa. Halafu kuna kichwa kimoja cha mvuke hakisikii popote, hata juu. Nimesafisha reli, nimebadilisha betri. Mpwa wa mzee anasema tununue kifaa cha kuongeza nguvu ya Wi-Fi. Nifanyeje? Mzee ameanza kukata tamaa.*

Marahaba, mdogo wangu. Hiyo pesa ya kifaa cha Wi-Fi ibaki mfukoni kwanza. Treni za mzee hazitumii Wi-Fi, na kwa dalili ulizoandika sidhani kama ishara inatoka dhaifu. Inatoka vizuri, ila inakosa mwenzake wa kuikamilisha, na mwenzake huyo ni waya wa ethi wa nyumba, ule wa pini ya tatu ya plagi.

Amri ya mzee inasafiri mara mbili. Akibonyeza kitufe, amri inatoka kwenye rimoti na kupita hewani hadi kwenye kile kisanduku cheusi chenye antena, Command Base, ambacho hapa nitakiita besi. Hiyo ndiyo safari ya kwanza. Kutoka kwenye besi amri inaingia kwenye reli kwa waya mmoja tu, na kichwa cha treni kinaipokea kutoka huko. Safari ya pili hiyo. Watu wengi wakisema "rimoti haifiki" wanawaza ile ya kwanza, wakati ugonjwa uko kwenye ya pili. Njia ya kuzitenganisha ni rahisi: mwambie mzee abonyeze kitufe akiwa kwenye kiti chake, wewe ukiwa umepiga magoti mbele ya besi. Taa nyekundu ya besi ikimweka kila anapobonyeza, rimoti imefika na kazi yake imekwisha. Kama haimweki, hapo ndipo uhangaike na betri, na antena ya rimoti kama ni ile ya kuvuta, na mahali besi ilipokaa. Rimoti ya kwanza ya mfumo huu wa Lionel, Cab-1, hutuma kwa megahezi 27, jirani kabisa na redio za madereva wa malori wa Marekani. Besi iliyosukumwa nyuma ya tanuri la kupashia nyumba joto, antena imekunjwa, itasikia kwa shida. Itoe hapo, inyanyue, vuta antena yote. Lakini kwa kuwa ghorofa ya juu inatii vizuri, nina hakika taa itamweka, na tutaiacha safari hiyo hapo.

Ya pili ndiyo tamu, na ndiyo iliyonifanya mimi fundi wa redio nizipende treni hizi. Besi inapeleka amri kwenye reli kwa kilohezi 455. Fundi yeyote aliyewahi kufungua redio ya AM anaijua namba hiyo kama jina la mama yake: ndiyo masafa ya vile vikopo vidogo vya bati vyenye vichwa vya rangi ya njano, nyeupe na nyeusi. Sasa piga hesabu. Wimbi moja la kilohezi 455 lina urefu wa mita 659 hivi. Chumba cha mzee, futi 32, hakifiki mita 10. Kwa hiyo ondoa kichwani picha ya mnara wa redio na mawimbi yanayoruka kutoka kwenye reli. Kwa umbali mfupi namna hiyo mambo yanakwenda kama ndani ya kapasita: bamba moja huku, bamba jingine kule, na uga wa umeme katikati. Bamba la kwanza ni reli za nje. Bamba la pili ni waya wa ethi wa nyumba, ule unaopita ndani ya kuta na dari na kufika kwenye kila soketi. Besi imeshika yote mawili. Waya mmoja unakwenda kwenye reli za nje, na kile kipini cha mviringo cha plagi yake kinashika ethi.

Kichwa cha treni kipo katikati ya mabamba hayo. Magurudumu yake yanagusa reli, antena yake inaelekea kuta na dari, na bodi iliyo ndani inapima tofauti kati ya huku na kule. Ni mizani. Tofauti ikiwa kubwa, mshale unalala upande mmoja na amri inasomeka. Ukiweka kilo upande huu na kilo upande ule, mshale hausogei hata kama umeweka magunia.

Ndiyo maana naanza na plagi. Wewe umekulia kwetu, unajua tunavyofanya: chaja ya pini mbili inagoma kuingia kwenye soketi ya pini tatu, mtu anachomeka kalamu kwenye tundu la juu, milango inafunguka, mambo yanaendelea. Tumezoea kuiona pini ya tatu kama kizuizi. Kwenye besi hii pini ya tatu ni nusu ya mfumo mzima. Ukiikata, ukaipitisha kwenye adapta ya pini mbili, au ukaichomeka kwenye waya wa kurefushia usio na ethi, umeng'oa bamba la pili.

Nalijua hilo kwa aibu. Marafiki fulani wenye meza kubwa kuliko ya mzee wako waliniita treni zao zilipoanza kukaidi kila mahali. Jumamosi ya kwanza nilishinda chini ya meza nikichomelea nyaya za ziada kwenye reli. Jumamosi ya pili nikabadilisha pini za kuungia reli na kusugua kila kitu kwa spiriti. Hakuna kilichobadilika. Jioni mmoja wao akawa anafagia, ufagio ukanasa waya wa kurefushia wa rangi ya chungwa, plagi ikachomoka na kubiringika mpaka miguuni kwangu. Pini ya mviringo ilikuwa imevunjika kitambo, imebaki shimo lenye vumbi. Tuliuweka waya mwingine. Dakika mbili. Sikudai nauli.

Kwa hiyo nunua kile kipimo kidogo cha soketi chenye taa tatu, kinapatikana duka lolote la vifaa vya ujenzi huko kwa bei ya chakula cha mchana. Kichomeke kwenye soketi ya ukutani inayolisha besi, kisha kwenye kila waya wa kurefushia uliopo njiani. Maelezo ya taa yameandikwa kwenye kipimo chenyewe. Nyumba nyingi za Marekani zilizojengwa kabla ya miaka ya 1960 zilifungwa soketi zisizo na ethi, na zingine zilibadilishwa sura tu: matundu matatu mbele, nyuma hakuna kitu. Kipimo kikikuambia ethi haipo, acha hapo na uwaambie ndugu za mzee waite fundi umeme mwenye leseni. Usichimbie chuma bustanini na kuvuta waya wako kupitia dirishani. Hiyo si salama, na pia haisaidii unavyodhani, kwa sababu tunachotaka ni ule mtandao wa nyaya uliozunguka chumba ndani ya kuta.

Kwenu naamini kipimo kitasema ethi ipo, maana ghorofa ya juu inafanya kazi. Sasa twende chini.

Kichwa cha treni kikiwa ghorofa ya juu, antena yake inaona dari, na ndani ya dari kuna nyaya za ethi. Kikiteremka chini, juu yake kuna nini? Reli za ghorofa ya juu. Reli hizo zimebeba ishara ileile iliyo kwenye magurudumu yake. Antena inasikia reli, magurudumu yanasikia reli, kilo huku kilo kule, mshale umesimama. Kichwa kinabaki na amri ya mwisho kilichoisikia, ndiyo maana kinatokea upande wa pili na mwendo uleule kana kwamba mzee hayupo. Ukinunua kifaa cha kuongeza nguvu ukakiunganisha hapo, umeongeza kilo pande zote mbili.

Kabla hujagusa waya wowote, fanya jaribio moja nililolipenda tangu siku ya kwanza nilipolifanya. Simamisha treni chini ya reli za juu, mahali taa inapopepesa. Pitisha kiganja chako juu ya kichwa bila kukigusa, sentimita tano hivi. Taa ikitulia, au rimoti ikaanza kusikika, umepata jibu: mwili wako, ambao umekaa karibu na ardhi na kuta, umeiletea antena ile ethi iliyokuwa imefichwa. Ondoa mkono, taa inapepesa tena. Mwite mzee aone, atafurahi.

Kinachotakiwa ni kuweka kitu cha kudumu mahali pa mkono wako. Chukua waya mwembamba wenye ganda lake, hata ule wa simu wa zamani unatosha, kwa sababu haubebi mzigo wowote. Uubane kwenye ubao wa chini wa ghorofa ya juu, juu kabisa ya reli za chini, ufuate njia ya treni kona kwa kona mahali pote palipofunikwa. Ganda usilivue. Uga unapita ndani ya plastiki bila shida, na ganda litakuokoa siku waya ukianguka juu ya reli. Ncha moja ya waya iache ikiwa imezibwa kwa tepu. Ncha nyingine ndiyo inakwenda kwenye ethi: nunua plagi tupu ya pini tatu, funga waya wako kwenye skrubu ya kijani peke yake, zile nyingine mbili zisiguswe na chochote, kaza kifuniko, kisha ichomeke kwenye soketi uliyoipima. Kama hujawahi kufunga plagi, mwombe anayejua. Sitaki nyumba ya watu ikupe kesi.

Na shika sana hili: waya huo wa ethi usiguse reli popote. Ukigusa reli za nje, umeunganisha bamba na bamba, na ghorofa zote mbili zitanyamaza kwa pamoja. Kosa hilo huingia hata kwa mlango wa nyuma. Nimewahi kukuta kompyuta imeunganishwa kwenye vifaa vya meza kwa waya, na kupitia kompyuta hiyo reli za nje zikawa zimefungwa kwenye ethi bila mtu kujua. Kama mzee ana kompyuta au kifaa kingine cha pini tatu kilichounganishwa na reli, kichomoe kwanza uone.

Mlima nao una siri yake. Wazee wengi wa Marekani walijenga milima ya treni kwa kutandaza wavu wa kuku, kisha plasta juu yake. Gonga ubavuni mwa mlima, au chungulia kwa tochi kutoka mdomoni mwa handaki. Ukiuona wavu, basi treni inaingia ndani ya kizimba cha chuma, na kizimba kisichofungwa popote kinaificha antena na ethi ya chumba. Usiubomoe. Uunganishe na waya uleule wa ethi, kwa skrubu au kwa kusokotea vizuri kwenye chuma kilichokwanguliwa, ukihakikisha wavu haugusi reli hata kwa unywele mmoja. Kizimba kilichokuwa adui kinageuka bamba lenyewe, na humo handakini ishara inaweza kuwa nzuri kuliko mahali pengine pote mezani.

Kuna mahali pa tatu ambapo hukupataja ila napahisi: stesheni, au uwanja wa kupangia mabehewa, ambako njia sita au nane zimelala sambamba. Hapo reli ni nyingi kiasi kwamba ethi ya dari inamezwa. Waya uleule unaweza kulazwa katikati ya njia, chini ya kokoto za bandia. Wengine huupandisha juu ya nguzo ndogo za simu zilizopangwa kando ya reli, na mgeni akiona anasifia urembo. Mimi napendelea hiyo ya nguzo. Mapambo yenye kazi.

Sasa kile kichwa cha mvuke kisichosikia popote. Huo ni ugonjwa mwingine na usiuchanganye na wa chini ya ghorofa. Kama vichwa vingine vinatii mahali hapohapo, reli haina kosa; antena ya hicho kimoja ndiyo yenye kasoro. Mwili wa vichwa vingi vya namna hiyo ni chuma kizito kilichoungana na magurudumu, kwa hiyo mwili mzima ni upande wa reli. Antena lazima iwe nje ya mwili huo na itenganishwe nao. Mara nyingi ni vile vishikio vyembamba vinavyopita ubavuni, vimeshikwa kwa vibanio vya plastiki. Kwenye vingine ni waya uliofichwa kwenye behewa la makaa linalofuata nyuma, ambako bodi ya kupokea hukaa mara nyingi. Treni ikianguka mara moja tu, kishikio kinapinda, kinagusa chuma, antena imekufa. Weka mita yako ya kupimia umeme kwenye kipimo cha mlio, ncha moja kwenye gurudumu la nje, nyingine kwenye kishikio. Isilie. Ikilia, tafuta mahali kinapogusa, kinyooshe taratibu kwa vidole, rudisha kibanio kama kimetoka.

Nyaya za ethi zikishakaa sawa na bado pana mahali pakorofi, zima taa za chumba moja moja huku treni ikizunguka. Taa za LED za bei ya chini na chaja za simu zina saketi zinazopiga kelele katika masafa ya chini, na 455 haiko mbali nazo. Nimeona taa moja ya dari ikiharibu kona nzima. Vifaa vya kukuza ishara ya besi vipo pia, mafundi wa treni huko wanaviuza, na kwenye meza kubwa sana vina kazi yake. Ila ninavitaja mwisho kwa makusudi.

Tahadhari moja ya leo, kabla hujafanya lolote. Kichwa kikipoteza umeme kwa nukta moja kwenye reli chafu, kisha umeme ukarudi mahali pasipo na ishara, kinajidhania kiko kwenye mtindo wa zamani usio na rimoti. Transfoma yako iko volti 18 muda wote. Kitazichukua zote na kukimbia. Huenda ndiyo hayo mabehewa yanayogongwa. Mpaka umalize waya wa chini, asiendeshe mtu ghorofa hiyo bila wewe kuwa na mkono kwenye swichi ya transfoma.

Na kama kwenye rafu za mzee kuna vichwa vya kampuni nyingine, MTH, vyenye mfumo wao wa rimoti uitwao DCS, usitumie ushauri huu kwao. Kule ishara inapita kati ya reli ya katikati na za nje, haihitaji ethi ya nyumba, na dawa yake ni namna ya kugawa nyaya: kila kipande cha reli kipate jozi yake kutoka sehemu moja. Huo ni mjadala wa siku nyingine.

Umesema mzee anakata tamaa. Mwambie kwamba miongoni mwa watu waliousukuma mfumo huu hadi ukatoka katikati ya miaka ya 1990 ni Neil Young, yule mwanamuziki wa Kanada. Mwanawe Ben ana mtindio wa ubongo, na baba alitaka aweze kuendesha treni kwa mikono yake mwenyewe. Kwa hiyo kama vidole vya mzee vinatetemeka kwenye kitufe, hiyo rimoti ilifikiriwa kwa ajili ya watu kama yeye.

Anza na kipimo cha soketi, kisha kiganja, kisha waya wa chini ya ghorofa, kisha mlima. Kichwa cha mvuke kifungue siku yenye utulivu, juu ya taulo, skrubu zake uziweke kwenye kisahani. Ukikuta waya umekatika ndani ya behewa la makaa na hujui ulikuwa unakwenda wapi, usibahatishe: niandikie namba iliyochapwa ubavuni mwa kichwa pamoja na picha ya bodi, nikuonyeshe pa kuurudisha.